Wageni wa Mukecuru

"Mama, wageni wako hawakai," aliniambia yule binti wa Mbarara, nami nikakasirika papo hapo.

Mimi nakaribisha watu tangu nikiwa msichana. Kwetu Kivu ya Kusini mtu akiingia uani, hata kama amekuja kuuliza njia tu, anapewa kiti, anapewa maji, anaulizwa habari za nyumbani, ndipo aseme kilichomleta. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, katika nyumba yangu ya udongo kule Juru, vitu sina vingi, lakini viti ninavyo, na hakuna mtu aliyewahi kutoka kwangu na kiu. Sasa mtoto ambaye ningeweza kumzaa ananikalisha ofisini kwake na kuniambia wageni wangu hawakai. Nikamwangalia tu.

Alikuwa akisema juu ya wageni wa tovuti yetu. Ofisi yake ni kijichumba nyuma ya maduka ya mjini. Anachapa kadi za harusi, anachonga mihuri, na anawatengenezea tovuti watu wenye biashara ndogo kama sisi. Kiswahili alikipata utotoni, katika nyumba za askari alikolelewa na baba yake, kwa hiyo hata akikuomba ukae kinatoka kama amri. Moyo wake lakini ni laini. Aligeuza kompyuta nione, akaniita nyabo, ndiyo mama kwa heshima ya kwao.

"Tazama, nyabo. Huyu ameingia, ametoka. Huyu naye ameingia, ametoka. Ukurasa wa pili hawafiki. Wanafungua mlango, wanachungulia, wanaenda zao."

"Labda bando limewaishia," nikasema.

"Wengine, ndiyo. Picha zako ni nzito, zinakula bando la mtu kabla hajaona kitu. Hilo nitarekebisha. Lakini ni wote?"

Nilikuwa nimetoka Juru alfajiri, tumbo halina kitu, na roho iliniuma kwa sababu nilijua ni nani aliyekuwa akingoja jibu hilo nyumbani.

Sisi ni kikundi cha wanawake wasukaji. Karibu wote ni Warundi, Mkongomani ni mimi. Walinichagua niwe msemaji kwa sababu nilisoma kozi ya kompyuta, na kwa sababu, wenyewe wanasema, mdomo wangu hauna breki. Tunasuka vikapu vyenye vifuniko. Wanyankole wana sherehe yao ya kumtoa binti kwa wakwe, kuhingira wanaiita, na siku hiyo vikapu vya namna hiyo ndivyo vinavyobeba zawadi mbele ya watu. Mrundi naye anakijua kikapu hicho tangu mgongoni kwa mama yake. Zamani kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuja kutuchukulia mzigo na kuuza mjini. Akaacha kuja. Ndipo tukachanga, tukafungua tovuti, tukasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Msukaji mkubwa kuliko sote alikuwa jirani yangu. Tunamwita Mukecuru, ndiyo kusema mama mzee kwa Kirundi, na ukilitaja unalitaja kwa heshima. Nilipotolewa Kabazana, pale wanapopokelewa wageni wapya, nikaletwa Juru na watoto na hema moja la plastiki, yeye ndiye aliyekuja na sufuria ya maharage kichwani bila kuitwa. Alikaa, akatazama watoto wakila, akasema, "Kesho nitawaonyesha fasi ya maji." Tangu siku hiyo ni mama yangu. Mwingine sina.

Sasa mgao wa chakula ulikuwa umekatwa, na mgongo wake ulikuwa umegoma kuinama na jembe. Siku moja, tukichagua mawe kwenye maharage, aliniambia kwamba vikapu visiponunuliwa hadi mavuno yatakapokwisha, yeye atapanda magari ya wanaorudi Burundi. Huko hana mtu. Nyumba yake anaishi mtu mwingine, anamjua hata jina.

"Utaenda kufanya nini?" nikamuuliza.

"Angalau najua kaburi la mume wangu liko wapi."

"Na mimi?"

"Wewe una mdomo. Utaishi."

Nilicheka, maana alitaka nicheke. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia sana.

Ni lazima nieleze jambo moja zaidi juu yake. Jumapili moja alikuwa amevaa tayari kwa misa, kitambaa kichwani, rozari mkononi, na anayemjua anajua misa hakosi. Akatokea jirani kuja kulalamika juu ya mbuzi aliyekula mihogo ya mtu. Mukecuru akampa kiti, naye akakaa. Yule jirani aliongea juu ya yule mbuzi mpaka watu wakaanza kurudi kutoka kanisani. Alipoondoka nilimgombeza Mukecuru, kwa nini asimwambie tu kwamba anatoka? Akanishangaa kama nimetukana.

"Mgeni akikaa, mwenye nyumba anakaa," akasema. "Mungu atanielewa. Yule angesema nimemfukuza."

Basi ndiye aliyekuwa akingoja habari za wageni wa tovuti, siku ile nimekaa Mbarara.

Yule binti alifungua ukurasa wetu tuutazame pamoja. Nami, sitaficha, nilikuwa najivunia ukurasa ule. Juu kabisa nilikuwa nimeweka shukrani: kwa Mungu, kwa serikali ya Uganda, kwa wakubwa wa kambi, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa wafadhili wote waliotangulia na watakaofuata, kama inavyofanywa kwetu kabla mtu hajasema lolote mbele ya watu. Chini yake, foto zetu. Tumesimama mmoja mmoja kwenye ukuta wa kanisa, kila mtu amekumbatia kikapu chake kifuani, macho mbele, mdomo umefungwa. Chini ya kila foto, maelezo: mwaka aliokimbia, alikotoka, nani aliuawa, watoto wangapi walipotea njiani. Kila mama alinisimulia yake, nikaandika neno kwa neno. Bei za vikapu zilikuwa chini kabisa, baada ya sala ya kufungia ukurasa.

Binti alijikuna shingo kwa kalamu. Nilimwona anatafuta maneno na hayapati. Kwa bahati akaingia mteja, mama wa makamo aliyevaa vizuri, amekuja kuchukua kadi. Alikuwa shangazi wa bibi harusi, na kwa Wanyankole shangazi ndiye anayeshika mambo ya binti anapotolewa. Yule binti akamwambia kwa heshima zote, "Shangazi, nisaidie kidogo. Fungua hii kwa simu yako, kama mtu anayetafuta vikapu vya kuhingira."

Akafungua. Akasoma. Nikaona uso wake unasawijika. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasoma kidogo, akazima simu. Halafu akaniuliza kama mimi ni mmoja wao. Nilipoitika alifungua mkoba, akaniwekea noti kiganjani, akanifunga vidole kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, maama. Mungu awatie nguvu."

Akachukua kadi zake, akaenda. Nyumbani kwake kulikuwa na harusi. Vikapu alivihitaji. Na hakuuliza bei.

Nilibaki nimesimama na ile noti. Hasira iliyonipanda siku ile bado naikumbuka masikioni. Nilisema maneno juu ya matajiri na miwani yao ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima. Binti aliniacha nimalize yote, ndipo akaniuliza taratibu:

"Mama, nani aliwafundisha kusimama hivi kwenye picha?"

Nilitaka kumjibu kwamba hakuna aliyetufundisha. Nikatazama tena zile foto. Nikauona ukuta wa Kabazana.

Ukifika pale unasimamishwa ukutani, unashika kibao chenye namba kifuani, unaambiwa tazama hapa, usicheke, usiinamishe kichwa. Kisha unapelekwa mezani. Umetoka wapi, umekimbia lini, nani amekufa, kwa nini huwezi kurudi. Ukijibu vizuri unapata hema na sufuria. Miaka yote baada ya hapo, mgeni yeyote mwenye kalamu akija kijijini anauliza yale yale, nasi tunajibu yale yale, mpaka tukaamini ndiyo namna ya mtu kujitambulisha. Kwa hiyo tulipoambiwa tovuti inahitaji foto na maneno machache juu ya kila msukaji, tulisimama ukutani. Kikapu kikashika nafasi ya kibao. Na wateja waliokuja kutafuta kitu cha harusi waliingia wakakuta msiba. Mtu mwenye adabu akikosea akaingia kwenye msiba usio wake, anasema pole, anatoka polepole. Hawakuwa watu wabaya. Hata yule shangazi hakuwa mbaya, ingawa ilinichukua muda kukubali.

Nilirudi Juru nikawaita wenzangu. Kulainisha maneno sijui. Niliwaambia, "Tunafuta vita."

Mmoja akauliza kama sasa tutaanza kudanganya. Mukecuru alikuwa amekaa pembeni na kazi yake magotini, hakuinua macho.

"Ukifuta hiyo," akasema, "mimi unaniacha na nini?"

Nilichukua kigoda changu nikaondoka, na niliona haya, kwa sababu aliuliza vizuri na mimi nilikuwa nimekuja na amri kama ofisi.

Maneno tukayaacha kwanza, tukajaribu foto mpya. Niliwaambia wacheke. Matokeo yake walitoka kama watu wanaoumwa meno, na mmoja akasema hawezi kuchekea simu, yeye si mwendawazimu. Tukagombana. Nikampigia binti wa Mbarara kumwambia kwamba tumeshindwa. Akasema atakuja mwenyewe.

Alikuja Jumamosi, nguo nyeupe imegeuka nyekundu kwa vumbi. Alizaliwa wilaya hii hii, mama yake ni wa Endiinzi, kwa wafuga ng'ombe, lakini kambini hakuwahi kukanyaga. Aliomba ruhusa kupiga picha, tukampa, akaegemeza simu yake kwenye dumu la maji, akataka kuanza kazi. Mukecuru hakumruhusu kuanza. Kwake yeye aliyefika hakuwa fundi, alikuwa mgeni. Akamkalisha, akampa uji wa mtama, akamuuliza mama hajambo, baba hajambo, ng'ombe wamepata majani? Binti akajibu yote. Akiwa na kikombe mkononi, macho yake yakaanguka kwenye kikapu kilichokuwa magotini kwa mzee.

"Hiki kama kile cha nyanya yangu cha kuwekea ugali wa ulezi," akasema. "Lakini kifuniko kimekosewa. Kimechongoka sana."

Mukecuru akaweka sindano chini.

"Kimekosewa?"

Nilijua hapo tumekwisha. Kumbe ndiyo tulikuwa tunaanza. Mukecuru akamweleza kwamba kifuniko lazima kiwe na ncha, mtu akishike kwa vidole viwili bila kuchafua mapambo. Binti akasema vya kwao ni bapa kidogo, na nyanya yake alikuwa msafi kuliko wote. Mukecuru akamuuliza kama nyanya alikuwa anakaa juu ya vikapu vyake, ndiyo maana vikawa bapa. Wanawake wote wakaangua kicheko. Binti naye akarudisha, mzee akamrudishia, na muda wote huo mkono ulikuwa umerudi kazini, sindano inaingia inatoka, uzi wa mkonge unavutwa, na yeye anacheka wazi na pengo lake la mbele. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu mgao ukatwe. Ile simu kwenye dumu tulikuwa tumeisahau sote, nayo ilikuwa inarekodi.

Kicheko hicho ndicho kilichokuwa mlango mpya wa tovuti. Ukifungua unaona mikono ya Mukecuru na unasikia wanacheka, kipande kifupi, chepesi, hakimalizi bando la mtu. Pembeni pana ukubwa wa vikapu na bei. Chini pana swali, "Binti yenu anatolewa lini?", na mahali pa kubonyeza uniandikie kwa WhatsApp. Shukrani zangu binti alizihamishia mwisho kabisa. Nilinung'unika, halafu nikasema Mungu hata huko chini atazisoma.

Yakabaki yale maelezo ya kila mmoja. Safari hii tuliulizana: mgeni akishakaa, akishakunywa maji, unaanza kumwambia nini? Mukecuru alifikiri sana. Kisha akaniambia niandike: "Nilifundishwa na mama yangu, kwenye kilima chenye migomba. Kikapu changu cha kwanza kilivuja unga, akanipiga." Nikamuuliza kama na yale mengine tuandike. Akatikisa kichwa.

"Atakayekaa sana, nitamwambia mwenyewe."

Kisha binti akaleta wazo ambalo niliona ni la kitoto. Mukecuru aanze kikapu kimoja kikubwa, na kila Jumamosi nipige foto kilipofikia niiweke pale. Hakuna kingine. Nilimwambia nani atatoa bando lake kutazama nyasi zikirefuka. Akasema tujaribu tu.

Wakatazama. Kwanza wachache, halafu wakarudi, halafu wakaanza kuandika. "Bibi amefika wapi?" "Ile nyekundu inaingia lini?" Wiki moja kikapu kilisogea upana wa kidole tu, mtu akauliza kulikoni, nikajibu kwamba Mukecuru alikuwa na malaria. Simu yangu ilijaa pole mpaka ikaganda. Lakini pole hizi hazikunichoma. Zilikuwa za watu wanaomngoja apone aendelee. Nilimsomea zote. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Hao ni nani?"

"Wageni wako."

"Wamekaa?"

"Wamekaa, Mama."

Akaomba nimpe sindano.

Na yule shangazi akaandika. Alikuwa amenitambua kwa foto yangu ya WhatsApp. Alitaka vikapu vya kuhingira, na alipigania bei kwa ukali, siku mbili ananipigia, vifuniko hivi mbona vimechongoka, punguza, huyu jirani yangu alinunua rahisi. Sijawahi kufurahia kubanwa bei kama siku zile. Nilimjibu kwa ukali ule ule, na tulipokubaliana nilicheza peke yangu jikoni.

Lakini mavuno yalikwisha, na siku ya magari ikafika. Oda zilikuwa zimeanza kuja, ila moja moja, na Mukecuru alikuwa ameshaandikisha jina kabla ya haya yote. Sikuthubutu kumuuliza. Asubuhi ile nilivuka kwenda kwake, nikakuta mlangoni furushi limefungwa kwa kitenge, mafundo mawili. Niligeuza huzuni kuwa hasira, ndiyo kawaida yangu, nikaingia uani tayari kugomba.

Alikuwa kwenye kigoda chake, kikapu magotini. Kifuniko kilibaki ncha tu.

"Leo ni Jumamosi," akasema. "Piga foto."

Nikapiga. Ya kwanza ikatoka na ukungu, nikapiga tena.

"Magari yanaondoka, Mama."

"Niko nasikia." Kweli yalisikika, injini zinanguruma kule barabarani, na watu wanaitana kwa majina. "Soma kwanza."

Nikafungua simu nikamsomea. Mmoja wa Mbarara aliuliza ncha itakuwa nyekundu au nyeusi. Mwingine, sijui wa wapi, alisema binti yake mdogo anaamka Jumamosi anauliza kikapu. Mwingine akauliza, hiki kikiisha, bibi ataanza kingine? Hapo niliweka simu chini.

Mukecuru aliinuka polepole, mkono kiunoni, akaenda mlangoni kwenye furushi. Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Ndani, juu ya nguo zake, alikuwa amefunga nyasi zake kavu za kusukia za kwenda nazo. Akazitoa, akaja nazo, akazilaza kwenye beseni na kumimina maji juu yake, zilainike. Hivyo ndivyo mtu anavyoanza kikapu kipya.

"Ningeondokaje," akasema, "na watu wamejaa uani kwangu hivi?"

Uani tulikuwa sisi wawili tu, na kuku wake mmoja.